Basenji, Ridgeback au mbwa wetu wa kienyeji: yupi msasi wa kuishi naye Uganda?

Anayetaka mbwa mwenye damu ya kuwinda hapa Uganda, na ambaye hataki German Shepherd anayemwona kwenye kila lango la Kampala, mara nyingi hujikuta kati ya watatu. Wa kwanza ni Basenji, mbwa mdogo wa misitu ya Kongo asiyebweka ovyo. Wa pili ni Rhodesian Ridgeback, mkubwa, mwekundu, mwenye utepe wa manyoya yaliyolala kinyume mgongoni. Wa tatu hahitaji kuagizwa popote kwa sababu yupo uani kwa jirani: mbwa wetu wa kienyeji. Wengi hawamhesabu huyu wa tatu kuwa chaguo. Mimi namhesabu, na mtaona sababu.

Vipimo

Nitawapima wote kwa mambo yale yale: walikotoka, miili yao, tabia yao nyumbani, silika ya kuwinda, afya, na kazi ya kuwalea. Bei ya kununua sikuiweka peke yake, kwa maana hulipwa mara moja tu, ilhali chakula, chanjo na uzio utavigharamia miaka kumi na zaidi.

Kipimo kizito kuliko vyote kwangu ni silika ya kuwinda. Rangi utaizoea, na hata utepe wa mgongoni utaacha kuushangaa. Lakini mbwa aliyezaliwa na hamu ya kukimbiza chochote kinachokimbia ataamka nayo kila asubuhi mpaka uzeeni, na ni lazima ujue mapema kama maisha yako yana nafasi ya hamu hiyo.

Walikotoka

Basenji ni jirani yetu wa karibu. Msitu wa Semuliki kule Bundibugyo ni ncha ya mashariki ya msitu mkubwa wa Ituri, na Ituri ni mojawapo ya sehemu ambako mbwa huyu amefanya kazi kwa vizazi vingi pamoja na Wambuti. Kaskazini zaidi yupo kwa Wazande. Wawindaji hutandaza nyavu msituni, kisha mbwa hutumwa kuwatimua wanyama wadogo kuelekea wavuni. Kwa kuwa ni nadra abweke, hufungwa njuga ya mti shingoni ili mwenyewe ajue alipo kwenye kichaka kizito. Watu hupenda kumhusisha na mbwa wenye mikia iliyojikunja waliochorwa kwenye makaburi ya Misri ya kale. Picha hizo zipo kweli, ila ushahidi thabiti wa ukoo wake unatupeleka Kongo, na hiyo ni sifa ya kutosha.

Wazungu walipojaribu kumhamisha, mambo hayakuwa mepesi. Waliofikishwa Uingereza mwaka 1895 walikufa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa wa kuambukiza, muda mfupi baada ya kuwasili. Ilipofika miaka ya 1930 ndipo Olivia Burn alipofanikiwa kuanzisha kizazi kilichodumu huko. Mbwa waliobaki wakawa wachache mno hata damu ikaanza kurudiarudia. Ndiyo maana wafugaji wa Marekani walirudi Zaire (Kongo ya leo) mwaka 1987 na 1988 kutafuta mbwa wapya vijijini, na mwaka 1990 kitabu cha nasaba kikafunguliwa ili kuwapokea.

Ridgeback ana hadithi mbili zilizosukwa pamoja. Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika walikuwa na mbwa wa kuwinda wenye utepe mgongoni. Walowezi wa Ulaya walipofika, mbwa wao wakubwa walizaana na hao. Katika miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm alipeleka mbwa wawili wa aina hiyo kwenye misheni ya Hope Fountain, karibu na Bulawayo, katika Zimbabwe ya leo. Mwindaji Cornelius van Rooyen akazalisha kutoka kwao kundi la mbwa wa kuandamana na farasi kwenye mawindo ya simba. Mwaka 1922, huko huko Bulawayo, wafugaji walikaa wakaandika sifa rasmi za ukoo huu.

Neno moja la kusahihisha hapa, maana wauzaji hulikuza. Ridgeback hakuumbwa kuua simba, na hakuna mbwa awezaye. Kazi yake ilikuwa kumkuta, kumzunguka, kumtia hasira na kumkwepa, hadi mwenye bunduki afike. Kazi hiyo inataka akili na kiasi kuliko ukali, na tabia yake ya nyumbani mpaka leo ukiitazama utaiona imetoka huko.

Na mbwa wa kienyeji? Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia. Mbwa wa Uganda walionekana kuwa na asili ya Kiafrika kwa sehemu kubwa, si mabaki ya mbwa wa kikoloni kama tunavyodhani. Basenji aliangukia kundi moja nao. Ridgeback, pamoja na jina lake la Kiafrika na utepe wa Wakhoikhoi, aliangukia upande wa mbwa wenye asili ya nje. Hilo halimpunguzii Ridgeback chochote, lakini linambadilisha machoni petu yule wa kienyeji anayekula mabaki ya posho nyuma ya jiko. Ana ukoo mrefu kama wa yeyote kati ya hawa. Karamoja bado anaandamana na wachungaji, na vijijini kwingi hakuna anayejua panya buku ameingia shimo lipi kabla yake.

Mwili

Basenji dume husimama sentimita 43 hivi begani, jike 40, na uzito ni kilo 10 au 11. Manyoya ni mafupi mno, paji la uso lina makunyanzi, masikio yamesimama, mkia umejiviringa juu ya kiuno. Rangi ni nyekundu, nyeusi, mchanganyiko wa hizo, au milia, na daima pana weupe miguuni, kifuani na kwenye ncha ya mkia.

Ridgeback dume hufika sentimita 63 hadi 69 na kilo 36 hivi. Jike ni 61 hadi 66 na kilo 32. Rangi yake ni ya ngano, kuanzia iliyopauka hadi iliyoiva kuwa nyekundu. Utepe huanzia nyuma ya mabega, ambako manyoya hujizungusha mara mbili, mzunguko mmoja ukielekeana na mwingine, kisha hupungua hadi kiunoni.

Wa kienyeji hana sentimita zilizoandikwa. Wengi ni wa kimo cha goti, wembamba, wenye miguu mirefu na kifua chembamba, rangi ya mchanga au nyeusi na nyeupe. Ni umbo lililochongwa na jua, njaa na mwendo.

Tabia nyumbani

Basenji hubweka mara chache sana, na akibweka ni mara moja tu. Asikuhadae mtu kwamba ni bubu, kwa maana akifurahi hutoa sauti ya kuimba yenye kupanda na kushuka, na akiachwa peke yake anaweza kupiga ukelele unaosikika mtaa wa pili. Hujilamba kama paka, hana harufu ya mbwa, na hupenda mahali palipoinuka ambapo anaona kila kitu. Anampenda mwenye nyumba, lakini kutii kwake hupitia kwanza kwenye fikra zake mwenyewe: anasikia amri, anaipima, kisha anaamua. Ukimpiga atakuepuka, na hutapata tena imani yake kwa urahisi. Ukimwacha bila shughuli atatafuna viatu, nyaya, mito, chochote. Kwa watu walio Najjera au Kira, nyumba zimebanana na jirani analala mchana kwa sababu anafanya kazi usiku, ukimya wake una thamani kubwa. Kama unataka mbwa wa kukuamsha mwizi akiruka ukuta, ukimya huo huo ni hasara.

Ridgeback ni mtulivu mno ndani ya nyumba kwa mbwa wa kimo chake. Mgeni hamrukii wala hamchangamkii, humtazama. Hubweka kwa nadra, na akibweka inafaa utoke uone. Kwa watoto wa nyumbani ni mvumilivu, ila mtoto mdogo anaweza kuangushwa na mkia tu. Hukomaa polepole, hadi miaka miwili bado ni kijana mwenye mwili wa mtu mzima, na katika kipindi hicho wenye nyumba wengi hukata tamaa. Anahitaji kukutanishwa na watu, magari, boda boda na kelele za soko tangu akiwa na miezi michache. Waswahili husema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na kwa Ridgeback methali hiyo ina uzito: akilelewa na mwoga au mwenye hasira, kilo 36 zitabeba woga huo au hasira hiyo.

Wa kienyeji ni mlinzi wa sauti. Anajua nyayo za kila mtu wa nyumbani na hatua ya mgeni anaitambua kabla hujasikia kitu. Hushikamana na boma zaidi ya kushikamana na amri, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa naye kumfundisha. Akipata wa kumfundisha hujifunza upesi sana. Hapa ndipo tunapomdhulumu. Tabia hutofautiana kutoka mbwa hadi mbwa, kwa hiyo mtazame mama yake ukiweza. Mama anayekuja kunusa mkono wako bila kutetemeka ni dalili njema kuliko rangi yoyote.

Silika ya kuwinda, na sheria

Basenji huwinda kwa macho na pua kwa pamoja. Kuku akipita mbele yake, jina lako halisikiki tena. Hupanda uzio wa waya kwa kucha, hupita chini ya lango, na barabarani hana breki. Nje ya uzio awe kwenye kamba, siku zote, hata awe na miaka kumi.

Ridgeback naye hukimbiza, lakini huweza kufundishwa kusitisha mbio kama ulianza mapema na umekuwa thabiti. Tatizo ni ukubwa: mbuzi wa jirani akiandamwa na Basenji atakimbia, akiandamwa na Ridgeback unaweza kulipa mbuzi. Anahitaji mwendo wa saa moja hivi kila siku, na kuzunguka uani hakutoshi. Wakati mzuri ni alfajiri kabla magari hayajaamka.

Wa kienyeji aliyekulia kati ya kuku na mbuzi kwa kawaida amekwisha kujifunza kutowagusa, na hiyo ni faida kubwa shambani. Silika yake hujitokeza kwa panya, fuko na nyani wanaovamia mahindi. Hatari yake ni kuzurura, na akijiunga na kundi la mbwa usiku huwa mnyama mwingine.

Sasa jambo ambalo lazima lisemwe waziwazi. Mbwa wa kuwinda Uganda si kibali cha kuwinda. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inakataza kuwinda bila leseni, na kumpeleka mnyama wa kufugwa ndani ya hifadhi ni kosa, hata kumwacha apotelee humo kwa uzembe. Anayeishi kando ya Kibale, Bwindi au Queen Elizabeth asilichukue hili kama jambo dogo. Mbwa akiingia msituni hatishii paa peke yao. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Simba wetu ni wachache kuliko wale. Ukiwa jirani wa hifadhi, chagua mbwa unayeweza kumzuia, na umchanje.

Silika hiyo haina budi kupewa njia halali. Mfichie nyama uani aitafute kwa pua. Mvutie kitambaa kwa kamba ndefu akikimbize, au mtembeze kwenye njia mpya zenye harufu mpya. Basenji hufurahia mchezo wa kukimbiza kitambaa kuliko mlo, na wa kienyeji hushangaza watu kwa kutafuta vitu vilivyofichwa.

Afya

Basenji ana ugonjwa wa kurithi wa figo uitwao Fanconi: sukari, protini na chumvi zinazotakiwa mwilini hupotea kwenye mkojo. Kwa kawaida huanza mbwa akiwa mtu mzima, naye hunywa maji na kukojoa kupita kiasi. Kipimo cha vinasaba kipo, kwa hiyo mfugaji makini atakuonyesha majibu ya wazazi wote wawili; asipokuwa nayo, ondoka. Nyumbani unaweza kupima sukari ya mkojo kila mwezi kwa karatasi zile zile za famasi wanazotumia wenye kisukari. Pamoja na hayo Basenji huishi miaka 13 au 14. Jike hupata joto la kutaka dume mara moja tu kwa mwaka, tofauti na mbwa wengi ambao hupata mara mbili.

Ridgeback huishi kati ya miaka 10 na 12. Utepe wake umeambatana na kasoro ya kuzaliwa nayo: kijitundu chembamba kinachotoka kwenye ngozi ya shingo au mgongo na kuzama kuelekea uti wa mgongo, ambacho huweza kuoza ndani. Daktari wa mifugo hukitambua kwa kupapasa mgongo wa mtoto wa mbwa, nacho huondolewa kwa upasuaji. Mpeleke akapapaswe kabla hujalipa. Hatari ya pili ni tumbo kujaa hewa na kujipinda, ambayo huua ndani ya saa chache. Mgawie chakula mara mbili kwa siku na usimkimbize mara tu baada ya kula.

Wa kienyeji hana ugonjwa wa ukoo unaojulikana kwa jina, kwa sababu damu yake haikubanwa na wafugaji. Lakini msidanganyike kwamba haugui. Wale tunaowaona ni waliobaki baada ya ndugu zao kufa kwa minyoo, parvo na distempa wakiwa wachanga. Anastahili chanjo zile zile.

Kwa wote watatu, chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kupe wa Uganda hawachagui nasaba, na mbwa aliyetoka nje ya nchi huja bila kinga yoyote dhidi ya magonjwa yao, hivyo dawa ya kupe isikatike. Walio Kampala wana kliniki ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Makerere. Wilayani muulize ofisa wa mifugo siku za chanjo. Na kwa manyoya mafupi hivi, Kabale usiku ni baridi kwao: watandikie ndani.

Kulea: chakula, uzio, usafi

Posho na mukene ni msingi mzuri kwa wa kienyeji na Basenji, mradi uongeze mapafu au nyama na usafishe mchanga wa mukene. Ridgeback anayekua anahitaji mlo uliopangwa vizuri zaidi, na atakula kuliko Basenji kwa mbali. Hilo lipigie hesabu kwa mwaka mzima kabla hujaanza.

Uzio wa Basenji uwe laini usiopandika, na chini umefukiwa. Wa Ridgeback uwe mrefu na imara. Wa kienyeji anahitaji zaidi kufungwa uzazi, maana jike au dume mwenye tamaa hana uzio unaomtosha.

Kwa nyumba za Waislamu, kama nyingi za Bombo, suala la mate ya mbwa na udhu ni la kweli na halipaswi kupuuzwa. Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida aya ya 4, inahalalisha windo la mnyama aliyefundishwa, na familia nyingi hufuga mbwa wa ulinzi nje wakiwa na vyombo vyake na mahali pake. Ridgeback na wa kienyeji huweza kulala kwenye banda zuri nje. Basenji huteseka akitengwa na watu, kwa hiyo kama mbwa hataingia ndani kamwe, Basenji si wa nyumba hiyo.

Kuhusu kuwapata: Basenji mwenye nasaba utamwagiza nje, kwa kibali cha wizara ya kilimo na mifugo, cheti cha afya na chanjo. Ukionyeshwa mbwa mwekundu mwenye mkia wa kujikunja ukaambiwa ni Basenji, omba hati. Ridgeback ni rahisi kidogo. East Africa Kennel Club ya Nairobi husajili nasaba, na kwao unaweza kuanzia. Wa kienyeji anakungoja kwa jirani au kwenye makao ya USPCA, chama cha kutunza wanyama, Kampala, ambako wapo wanaotafuta nyumba.

Kwa hali yako

Unaishi nyumba ya kupanga mjini, uwanja mdogo, majirani karibu, na unafanya kazi nyumbani au kuna mtu mchana kutwa: Basenji atakufaa, ukikubali kamba milele na utiifu wa nusu. Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku, usimchukue.

Una uwanja wenye ukuta Entebbe au Fort Portal, unakimbia asubuhi, una bajeti ya nyama, na umewahi kulea mbwa kabla: Ridgeback. Kama huyu ndiye mbwa wako wa kwanza, mtafute mtu aliyezoea akuongoze miaka miwili ya mwanzo, au mngojee.

Una shamba Luwero au Lira, kuku, mbuzi, mahindi ya kulindwa na nyani: wa kienyeji aliyezaliwa shambani, wawili wakiwezekana, wote wamechanjwa na kufungwa uzazi.

Unaishi kando ya hifadhi: wa kienyeji aliyefundishwa kurudi akiitwa na anayefungiwa usiku. Ridgeback ukiwa na ukuta kamili. Basenji hapana, maana msitu ndio kwao na ataufuata.

Una watoto wadogo sana na bajeti ndogo: mtoto wa mbwa wa kienyeji mwenye mama mpole, achukuliwe akiwa na wiki nane. Watoto wakishakuwa wakubwa na bado unamtamani Ridgeback, bado atakuwepo.

Na kama unataka mlinzi tu, awe nje, apigiwe kelele na askari wa zamu, hakuna hata mmoja kati ya hawa watatu ninayeweza kukushauri umchukue. Weka taa nzuri ya usalama na kengele ya lango.